Sumaku za Argonne na hesabu yetu ya madini

Aprili 2025 China ilipoweka masharti ya kuuza nje aina saba za madini adimu, mazungumzo ya kwetu yalihamia Nyanda za Juu Kusini mara moja. Songwe kuna Ngualla, yenye neodimi na praseodimi, madini adimu ya kutengenezea sumaku za kudumu. Kilima cha Panda, jirani na Mbeya, kina niobi. Bonde la Rukwa lina gesi ya heli, iliyotangazwa kwa kishindo mwaka 2016. Katika mazungumzo hayo ikachomekwa na habari ya maabara ya Argonne, nje kidogo ya Chicago, ambako wahandisi wametengeneza sumaku za superkondakta, yaani za waya unaopitisha umeme bila ukinzani ukipozwa sana, za kuzalishia eksirei. Sumaku hizo hazitumii madini adimu. Zinataka niobi kwa ajili ya waya na heli kwa ajili ya baridi. Waliosoma nusu ya habari wakasema Ngualla inapoteza soko, na waliosoma nusu ya pili wakasema Panda na Rukwa zimepata mteja.

Wote wamekosea, na kosa lao ni moja: wanaipima teknolojia hii kwa tani za mawe. Sumaku hizi zinakula madini kwa kilo, na duniani kote zinahesabika. Haziwezi kuua mgodi wala kuufufua. Kinachostahili kusomwa humo ni kwamba sehemu ya uwezo wa chanzo cha eksirei, ambayo zamani ilinunuliwa kwa kujenga pete kubwa ya elektroni, sasa inaweza kupatikana kwa kusuka koili vizuri zaidi. Bara letu linajadili tangu mwaka 2015 namna ya kujenga sinkrotroni yake wenyewe, yaani pete ya namna hiyo, na kwa bara kama hilo mabadiliko hayo yana uzito kuliko bei ya niobi.

Tuanze na mambo yenyewe. Elektroni ikikimbia karibu na kasi ya mwanga kisha ikapindishwa, hutoa mwanga. Mwanga huo ulionekana kwa macho mara ya kwanza mwaka 1947, katika maabara ya General Electric huko Schenectady, New York. Kwa miaka mingi wenye vichapuzi vya chembe waliuona kama hasara, maana ni nishati inayovuja kutoka kwenye mtambo. Baadaye wataalamu wa fuwele, protini na metali wakagundua kwamba hasara ya mwenzao ndiyo taa bora kuliko zote walizowahi kuwa nazo, na pete zikaanza kujengwa kwa ajili ya mwanga peke yake. Kifaa kinachotengeneza mwanga mkali zaidi ndani ya pete hizo kinaitwa anduleta. Ni safu mbili za sumaku, moja juu na moja chini, zilizopangwa kaskazini, kusini, kaskazini, kusini, na katikati yao umeachwa mwanya wa milimita chache. Elektroni inapita humo ikinengua, kushoto na kulia, mara kumi kadhaa au mamia. Mwanga wa kila mnenguo unaangukia juu ya mwanga wa mnenguo uliotangulia, hatua kwa hatua, hadi mwale unaotoka mwishoni unakuwa mwembamba na mkali ajabu.

Hesabu yake si ngumu, na inafaa kuifanya mara moja maana ndiyo inayoamua gharama yote. Pete ya Argonne, iitwayo Advanced Photon Source, ina mzunguko wa mita 1,104, na elektroni zake sasa zina nishati ya elektronivolti bilioni 6, yaani GeV 6. Hiyo ni takribani mara 11,700 ya nishati iliyomo katika elektroni iliyotulia. Zidisha namba hiyo kwa yenyewe, kisha kwa mbili, unapata kama milioni 276. Chukua hatua moja ya anduleta, tuseme milimita 18 kutoka kaskazini moja hadi kaskazini inayofuata, gawanya kwa milioni 276. Unabaki na urefu wa wimbi la mwanga huo, nanomita 0.065, unaokaribia ukubwa wa atomu. Uga wa sumaku ukiwa na nguvu, elektroni inanengua kwa upana zaidi, inachelewa kidogo, na wimbi linarefuka. Kwa uga wa tesla 1.17 (tesla ni kipimo cha nguvu ya uga) linarefuka karibu mara tatu, hadi nanomita 0.19. Mtafiti akitaka wimbi jingine anaongeza au kupunguza uga, au anachukua hamoniki za juu, theluthi ya wimbi hilo, sehemu yake ya tano, na kuendelea.

Sasa punguza nishati ya elektroni kwa nusu, iwe GeV 3. Namba ya kugawanyia inashuka hadi robo, na wimbi linarefuka mara nne. Ili urudi ulipokuwa kwa kufupisha hatua peke yake, ungehitaji hatua ya milimita 4.5, na hapo ndipo sumaku inapokugomea. Uga wa safu kama hizi unakufa haraka kadiri unavyouacha uso wa sumaku, na hatua ikiwa fupi unakufa haraka zaidi. Ukiwa na mwanya wa milimita 10, kushusha hatua kutoka milimita 18 hadi 9 kunaukata uga katikati ya mwanya karibu mara sita, hata kama sumaku zako ni zilezile. Ndiyo maana waliotaka eksirei kali, yaani za wimbi fupi, katika miaka ya 1990 walijenga mapete makubwa: Argonne, Grenoble ya Ufaransa yenye mita 844, na SPring-8 ya Japani yenye mita 1,436. Walishindwa kufupisha hatua, wakaongeza nishati. Kuongeza nishati ni kuongeza zege, ardhi, sumaku za kupindishia na umeme wa kila mwezi.

Kuna jambo moja katika ukarabati wa Argonne ambalo vichwa vya habari vililipita. Pete ilizimwa Aprili 2023, ikafumuliwa na kujengwa upya katika mradi wa dola milioni 815, na mwanga ukarudi Juni 2024. Kilichoandikwa kila mahali ni kwamba mwanga wake utakuwa mkali hadi mara 500 ya awali. Ni kweli, lakini sehemu kubwa ya sifa hiyo ni ya mpangilio mpya wa sumaku za kupindishia, unaobana elektroni ziwe uzi mwembamba. Katika kubana huko, nishati ya elektroni ilishushwa kutoka GeV 7 hadi 6, kwa sababu elektroni zenye nishati ndogo hubanika vizuri zaidi. Nani alipe gharama ya kushuka huko? Anduleta. Kwa hatua ileile, wimbi linarefuka kwa asilimia 36, kwa hiyo ukitaka kubaki na eksirei zako kali lazima ufupishe hatua bila kupoteza uga. Hata tajiri mwenye pete ya kilomita moja amelazimika kuhamishia sehemu ya mzigo kwenye anduleta. Ukilielewa hilo, unaelewa kwa nini Argonne wamehangaika na superkondakta kwa zaidi ya miaka 10.

Wazo lenyewe si jipya. Kundi la John Madey pale Stanford, lililotengeneza leza ya kwanza ya elektroni huru katika miaka ya 1970, lilitumia koili ya superkondakta iliyosokotwa mfano wa parafujo, yenye urefu wa mita 5.2. Superkondakta ilitangulia. Kisha mapema miaka ya 1980 Klaus Halbach wa Berkeley akaonyesha namna ya kupanga vipande vya sumaku za kudumu hadi vitoe uga safi wenye nguvu, na mchezo ukaisha. Sumaku ya kudumu haihitaji umeme wala kupozwa. Ikikosea kidogo, fundi anabandika kipande chembamba cha chuma, anapima tena, anasahihisha tena. Ukitaka kubadili uga, unasogeza safu mbili zikaribiane au ziachane. Kwa miaka 40 anduleta nyingi mno duniani zimejengwa hivyo, na anayetetea superkondakta bila kukiri ushindi huo hasemi ukweli wote.

Argonne walirudi kwenye wazo la zamani kwa unyenyekevu. Anduleta yao ya kwanza ya superkondakta kuhudumia watafiti, iliyoanza kazi Januari 2013, ilikuwa na sumaku yenye urefu wa sentimita 33 tu. Mwaka 2015 wakafunga nyingine ya mita 1.1. Baadaye ikaja ya kusokotwa, inayotoa mwanga wa mviringo. Zote hizo zilitumia waya wa niobi na titani, waya uleule ulio ndani ya mashine za MRI hospitalini, ambao hupoteza ukinzani wote wa umeme ukishapozwa chini ya nyuzi 9 hivi za Kelvin, yaani karibu nyuzi 264 za Selsiasi chini ya sifuri. Mwanzoni mwa 2023, miezi michache kabla ya pete kuzimwa, wakafunga ya niobi na bati, yenye hatua ya milimita 18 na uga wa tesla 1.17, angalau asilimia 20 juu ya ile ya niobi na titani. Ilikuwa kazi ya maabara tatu: Argonne, Fermilab na Berkeley. Maabara tatu kwa kifaa cha urefu wa mita moja na ushei, na sababu yake nimeielewa vizuri zaidi Gerezani, Dar es Salaam, kuliko kwenye taarifa zao.

Pampu yangu ya maji iliungua, nikaipeleka Gerezani kwa fundi wa kusuka mota. Alitoa shaba yote ya zamani, akahesabu raundi na kuziandika kwenye kipande cha boksi, akakata karatasi ya kuhami na kuichomeka kwenye kila mfereji wa chuma, akasuka upya, akafunga kwa uzi, akamwaga vanishi. Alipojaribu, ikapiga shoti kwenye bodi. Alitafuta kwa dakika 20 hadi akanionyesha mahali waya ulipopita kwenye ukingo wa mfereji: mkwaruzo mdogo kuliko alama ya kucha. Akafumua kila kitu akaanza upya, huku akilaumu ukingo ule ambao mwenye kiwanda hakuulainisha.

Anduleta ya niobi na bati ni kazi hiyohiyo, isipokuwa huna ruhusa ya kufumua. Niobi na bati zikishaungana, waya unakuwa mkavu na kuvunjika kama biskuti, kwa hiyo unausuka kabla hazijaungana, ukiwa bado laini. Kisha koili nzima pamoja na chuma chake inaingia tanurini kwenye nyuzi 650 hivi za Selsiasi, kwa siku kadhaa. Enameli ya kawaida ya waya ingeungua humo, kwa hiyo waya unavishwa nyuzi za kioo zilizosukwa kama utambi. Ikitoka tanurini haikunjiki tena. Inajazwa epoksi ndani ya ombwe ili isicheze hata kidogo, kisha inapozwa kutoka joto la chumba hadi nyuzi 4 hivi za Kelvin, na chuma, shaba, kioo na epoksi vyote vinasinyaa, kila kimoja kwa kiasi chake. Baada ya hayo yote mifereji ya waya inatakiwa iwe bado imepangika kwa usahihi wa makumi ya mikromita, chini ya unene wa unywele, mita nzima. Mkwaruzo mmoja kwenye ukingo wa mfereji, na miezi ya kazi imekwenda.

Kuna pia kile ambacho wahandisi hukiita kwenchi. Waya ukijisogeza kidogo tu, au chembe chache zilizopotea njia zikiupiga, sehemu ndogo inapata joto, ukinzani unarudi hapo, mamia ya ampea yanapita mahali penye ukinzani, na joto linasambaa. Kama mfumo wa ulinzi hauligundui jambo hilo ndani ya milisekunde chache, koili inaungua. Wapinzani wa superkondakta hupenda kueleza habari hii, na wana haki. Mtafiti aliyesubiri miezi sita apate saa 48 za mwale hataki kusikia kwamba sumaku imezima inapoa. Hata hivyo Argonne wameziendesha anduleta za niobi na titani kwa miaka, watafiti wakitumia mwale wake kama wa anduleta nyingine yoyote. Kwa waya huo, woga huu umeshajibiwa kwa vitendo. Kwa niobi na bati, miezi michache ya 2023 ni ushahidi mwema, ila ni mfupi, na anayesema kazi imekwisha anajitangulia.

Hoja nzito kuliko zote dhidi ya superkondakta inatoka kwa wenye sumaku za kudumu zinazopozwa. Wajapani wa SPring-8 walionyesha miaka ya 2000 kwamba ukiipoza sumaku ya kudumu inapata nguvu na inastahimili mionzi zaidi. Neodimi ina kasoro, ikipoa sana uelekeo wa usumaku wake unayumba, lakini ukiibadilisha na praseodimi unaweza kushuka hadi joto la naitrojeni ya maji, yaani iliyopozwa hadi ikawa kimiminika, bila tatizo. Naitrojeni ya maji ni rahisi, wanasema, inapatikana kila mahali, na fundi wako bado anaweza kusahihisha makosa kwa mkono. Nikiulizwa na mtu mwenye fedha za anduleta moja na miaka miwili ya kuikamilisha, nitamwambia anunue hiyo ya praseodimi. Tatizo lake ni dari. Nguvu ya sumaku ya kudumu imo ndani ya fuwele yake, na fuwele hizo wahandisi wameshazikamua karibu zote. Waya una nafasi mbele yake: leo niobi na bati, kesho tepu za superkondakta za joto la juu zinazojaribiwa katika maabara kadhaa. Zaidi ya hapo, uga wa koili hubadilishwa kwa kuzungusha kitufe cha mkondo, wakati safu mbili za sumaku za kudumu huvutana kwa nguvu za tani, na fremu inayozizuia huwa dude zima la chuma.

Neno lenyewe superkondakta nalo limechanganya watu. Septemba 2023 maabara ya SLAC ya California ilipotoa mwanga wa kwanza wa LCLS-II, leza yake mpya ya eksirei, kila kichwa cha habari kilisema superkondakta. Ni sahihi, ila superkondakta ya pale ni kichapuzi, yaani vyumba vya niobi vinavyosukuma elektroni vikiwa kwenye nyuzi 2 za Kelvin. Anduleta zake ni za sumaku za kudumu. Wasomaji wengi walichukulia kwamba SLAC wameshahama. Hawajahama, na uamuzi wao ulikuwa wa busara kwa wakati wao: mtambo mkubwa hauwekewi teknolojia changa kila kona. Karlsruhe nchini Ujerumani njia imekuwa nyingine. Taasisi ya huko na kampuni moja ya viwandani walishirikiana hadi wakafunga kwenye pete ndogo ya taasisi anduleta ya superkondakta ya hatua ya milimita 20, ambayo sasa mtu anaweza kuiagiza kama anavyoagiza mashine yoyote. Pete ya Karlsruhe ni ya GeV 2.5 na mzunguko wa mita 110, wala haishindani na Argonne. Lakini walikuwa na mahali pa kupimia koili ndani ya baridi, na watu waliokaa hapo miaka mingi wakipima.

Hapo ndipo ninaporudi kwa wenzangu wa madini, ambao hoja yao ni nyepesi kuliko zote nilizotaja. Kwanza, orodha ya China ya Aprili 2025 haikuwa na neodimi wala praseodimi, ambazo ndizo utajiri mkuu wa Ngualla. Ilikuwa na samari, gadolini, terbi, disprosi, luteti, skandi na itri. Na kuna kichekesho ndani yake: tepu za superkondakta za joto la juu hutengenezwa kwa itri au gadolini, kwa hiyo anayekimbilia superkondakta ili aepuke madini adimu ya China anaweza kukutana nayo tena mlango wa nyuma. Pili, tazama uzito. Kilomita moja ya waya wa unene wa milimita 0.6 ina uzito wa kilo mbili na nusu hivi, na sehemu kubwa yake ni shaba. Weka kilomita kadhaa kwenye koili zako, bado niobi yako yote unaweza kuibeba kwenye kiroba. Gari moja la umeme hutumia kilo moja au mbili za sumaku ya neodimi, na magari hayo huuzwa kwa mamilioni, wakati sinkrotroni zote duniani ni kama hamsini tu. Mwenye Ngualla anayeangalia soko anaangalia magari na mitambo ya upepo. Hajui anduleta ni nini, na hana haja ya kujua.

Heli nayo ni hivyohivyo. Mashine za MRI za kizazi kilichopita zilibeba lita 1,500 hadi 2,000 za heli ya maji, na nyingi zilivujisha. Anduleta ya Argonne ina tangi la lita mia moja hivi ndani ya kriostati, ambayo ni ndugu mkubwa wa chupa ya chai, na majokofu yaliyofungwa juu yake hugeuza mvuke wote kuwa maji tena. Ukishaijaza, hujazi tena kwa muda mrefu. Rukwa ina wateja wengi watakaoihitaji, na hawa si miongoni mwao.

Mfano unaoifunga hoja ya madini kabisa ni Brazil. Mgodi wa Araxá na mingine ya huko hutoa karibu niobi yote inayotumika duniani. Na Brazil ina sinkrotroni, tena imejenga mbili: ya kwanza, iliyofunguliwa Campinas mwaka 1997, ilikuwa ya kwanza Kusini mwa Ikweta, na ya pili, Sirius ya GeV 3, ni miongoni mwa bora za kizazi chake. Ungetarajia Sirius imejaa niobi. Sumaku iliyoipa sifa, ile ya kupindishia yenye uga wa tesla 3.2 katikati, ni ya kudumu, ya neodimi. Niobi ya Araxá huishia zaidi kwenye chuma cha mabomba na magari. Sinkrotroni ya kwanza ya Campinas haikuchimbwa popote: ilianza mwaka 1987 na vijana wa uhandisi waliojitengenezea sumaku, pampu na vyanzo vya umeme kwa mikono yao kwa kuwa fedha za kuagiza hazikuwepo, na ni karakana hiyohiyo iliyoweza kuisanifu Sirius miaka 20 baadaye. Wenzetu wa Kwale wanaoutazama mlima Mrima, wenye niobi na madini adimu chini ya msitu wa kaya, wana sababu nyingi za kujadili uchimbaji. Sinkrotroni isiwe mojawapo.

Basi kwa Afrika maana yake nini? Mwaka 2015 wanasayansi wa bara hili walikutana Grenoble na kuweka azimio la kuwa na chanzo cha mwanga cha Afrika. Afrika Kusini ni mwanachama mshiriki wa pete ya Grenoble tangu 2013. Mwaka 2010 fuvu la Australopithecus sediba, jamaa wa kale wa binadamu, kutoka Malapa ya Afrika Kusini lilisafirishwa hadi huko kupigwa picha za ndani, kwa sababu hakuna mahali barani ambapo lingeweza kupata eksirei za kupenya jiwe namna ile. Jordan, katika kijiji cha Allan, pete ya SESAME ya GeV 2.5 imefunguliwa tangu 2017, na Misri ni mwanachama. Mjadala wetu wote umekuwa wa pete: itajengwa nchi gani, itakuwa na GeV ngapi, itagharimu mabilioni mangapi, nani atalipa umeme. Yote ni ya haki, na yote yanaweza kuchukua miaka 20.

Ninachopinga ni kudhani kwamba hakuna la kufanya hadi pete ipatikane. Pete ya Afrika, ikija, itakuwa ya nishati ya wastani, GeV 3 pengine, kwa sababu za fedha. Kwa hesabu tuliyoifanya hapo juu, pete ya namna hiyo ikiwa na anduleta za kawaida italazimika kupanda hamoniki za juu mno ili kupata eksirei za protini na za dawa, na mwanga hufifia kila hamoniki inapopanda. Ikiwa na anduleta za hatua fupi na uga mkali, inashindana. Kwa hiyo aliye na ustadi wa anduleta ndiye atakayeamua kama pete ya GeV 3 itakuwa chombo cha kazi au mnara wa kujivunia. Na ustadi huo, tofauti na pete, unaanza na chumba kimoja: mashine ya kusukia waya, tanuri lenye joto lililodhibitiwa, tangi la baridi la kupimia koili fupi, na kipima uga. Vyuo kadhaa barani vinaweza kumudu chumba hicho. Maabara ya iThemba, karibu na Cape Town, imeendesha vichapuzi kwa miongo kadhaa na haianzii sifuri.

Nitakubali pingamizi moja. Ukianza kusuka koili bila pete ya kuzifunga, unaweza kulea wahandisi kumi wazuri kisha Grenoble, Hamburg na Shanghai wakawachukua wote. Imeshatokea kwa madaktari na itatokea kwa hawa. Lakini hata pete ikijengwa bila wao, itabidi kuwaajiri haohao kwa mkataba wa Ulaya, kwa bei ya Ulaya, kila kwenchi inapotokea. Na koili ina faida moja ambayo daktari hana: unaweza kuifunga kwenye sanduku na kuiuza. Pete hamsini za dunia zinahitaji anduleta mpya kila zinapokarabatiwa, na wanaoweza kutengeneza za superkondakta ni wachache mno.

Wanaoandaa mipango ya chanzo cha Afrika waache angalau sehemu nyoofu mbili za pete zisizo na kitu kwenye michoro yao, zenye urefu wa kuingiza kriostati, na waweke kwenye bajeti ya mwaka wa kwanza, kabla ya kiwanja, koili ya majaribio ya niobi na titani. Sentimita 33 zinatosha, kama walivyoanza Argonne. Yule fundi wa Gerezani nilimwonyesha picha ya koili hizo kwenye simu. Aliitazama kwa muda, akaikuza kwa vidole hadi kwenye kona ambapo waya unatoka mfereji mmoja kuingia mwingine, akauliza hapo wamehami kwa kitu gani.